Usitilie Sahihi Choo Ambacho Hujakiona

Wiki jana nilipita ofisi ya CDF, ile fandi ya serikali ya Kenya ya miradi ya maeneo bunge, ya eneo bunge fulani kumsalimia rafiki, nikamkuta kijana wa miezi minne kazini akijaza ripoti. Madarasa mawili, hali ya mradi: umekamilika, asilimia 100. Picha ya kuambatanisha imepigwa mbele tu, milango buluu inang'aa, jina la mheshimiwa limeandikwa kubwa kuliko jina la shule. Nikamuuliza, na nyuma kukoje? Akacheka. Kicheko hicho nakijua, kilikuwa changu mwaka 2007.

Basi haya ni yenu, wadogo zangu mlioajiriwa juzi. BQ (orodha ya vifaa, vipimo na gharama za ujenzi) na vocha mnazijua kuliko tulivyozijua sisi, tulioingia fandi ikiwa bado na meno ya maziwa.

1. BQ isomewe saiti, si ofisini.

2. Kabla ya jiwe la kwanza, uliza nani atalipa mshahara wa mtu atakayefanya kazi ndani ya hilo jengo. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hivyo mnivumilie.

Sheria ya fandi ya 2003 ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge, enzi hizo yakiwa 210, na kamati ikaundwa na mbunge mwenyewe. Wetu alitaka zahanati, tena aliitaka njia panda, karibu na boma la mamake. Kilomita tatu kutoka hapo palikuwa na kituo cha afya cha serikali, wauguzi wawili na paa linalovuja. Fundi wa mabati angelimaliza paa lile kwa wiki moja. Lakini nani amewahi kukata utepe wa bati lililobadilishwa?

Nilikuwa karani wa ujenzi, mkataba wa miezi mitatu mitatu, mke ana mimba. Pesa zilichelewa Hazina kama kawaida, kisha zikashuka zote Juni, mwaka wa fedha ukiwa ukingoni na uchaguzi wa Desemba ukinukia. Mkandarasi alikuwa binamu wa mtu. Hamna haja ya kuambiwa wa nani. Uzinduzi ukapangwa Jumamosi. Alhamisi jioni mwenyekiti wa kamati ya mradi akaniletea cheti cha malipo ya mwisho. Kwenye orodha kulikuwa na choo cha shimo cha milango miwili na tangi la lita 5,000. Shimo nililijua: lilichimbwa futi nne, likagonga jabali, vibarua wakaenda nyumbani. Tangi sikuwa nimeliona. "Liko njiani," akaniambia, "limeshatoka Nakuru." Nikatia sahihi. Hata kalamu ilikuwa yake.

Jumamosi, kweli bwana, tangi lipo. Jeusi, linameremeta. Mheshimiwa akafungua mfereji mbele ya akina mama, maji yakatiririka, vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya mto. Jumatatu asubuhi lori likaja kulichukua. Lilikuwa la kuazima.

Desemba mheshimiwa akaanguka. Mrithi wake hakutaka kusikia habari ya "zahanati ya yule". Wizara nayo haikuwa na jengo hilo kwenye mipango yake, kwa hivyo hapakuja muuguzi wala kidonge. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukabidhiwa, ufunguo ulibaki mfukoni mwangu. Miezi kumi na minne! Mama mmoja alikuja kwangu saa mbili usiku na mtoto anayechemka kwa homa, akaniambia, "Karani, nasikia hospitali unayo wewe." Nilimsindikiza kwa tochi zile kilomita tatu, hadi kwenye paa linalovuja. Hatukuzungumza njiani. Sikuwa na la kumwambia.

Mkaguzi wa hesabu alipokuja, mwanamke mpole mwenye viatu vya kutembea, hakuangalia mlango. Alizunguka moja kwa moja nyuma, akasimama ukingoni mwa shimo. "Hiki ndicho choo cha milango miwili?" Nikajibu, "Ndiyo, madam." Hadi leo sijui kwa nini nilisema ndiyo. Akaandika. Niliitwa kujieleza mara tatu, mkataba ukaishia hapo. Mheshimiwa hakuulizwa chochote, na mkisaka faili nzima hamtaona sahihi yake hata mahali pamoja.

3. Pesa za miradi si mchele wa msaada, eti kila kata ionje. Laki tatu huku, laki tatu kule, unabaki na misingi. Kuna shule ninayoijua ina misingi mitatu ya wabunge watatu, kila mmoja akikataa kuendeleza wa mwenzake. Watoto huruka juu yake wakati wa mapumziko; labda tuuhesabu kama mradi wa michezo.

4. Salio la kamati ya mradi lirudi akaunti ya eneo bunge, na barua yake. Msiliachie mwenyekiti "alinde".

5. Zahanati bado inawaniwa, naona. Tangu 2013 zahanati ni kazi ya kaunti, na wauguzi ni wa kaunti. Mheshimiwa akikutuma, mfungulie orodha ya majukumu iliyo nyuma ya Katiba, kwa upole, baada ya chai. Ukikosa moyo, mpelekee meneja wa akaunti ya fandi. Anakuzidi mshahara kwa sababu kama hizo.

6. Msinijie na hoja ya kwamba Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kuwa sheria ya fandi ya 2015, iliyofuata ile ya kwanza, inakiuka Katiba na fandi ikome Juni 30, 2026, kwa hivyo ya nini kuhangaika. Fandi ni fandi, faili ni faili. Shimo langu lilikaguliwa mwaka wa pili baada ya uzinduzi.

Yule kijana nilimchukua kwa boda hadi shuleni, nauli yangu. Tukazunguka nyuma. Ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha na hapo ukakata tamaa. Nikamwambia apige picha hiyo pia, aiambatanishe. Akaitazama simu yake muda mrefu, akasema chaji imeisha.

Nikampa yangu.