Kwa nini albamu ya kwanza ya Big Audio Dynamite haikusambaratika

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linatutaka tutaje albamu ya kwanza ya kundi lolote iliyochanganya mitindo mingi ya muziki bila kupoteza sura yake, na tueleze iliwezaje. Jibu langu ni This Is Big Audio Dynamite, iliyotoka Novemba 1985. Naamini mchanganyiko wake ulishikamana kwa sababu kila mtindo uliomo uliletwa na mtu aliyekwisha kuuzoea, na kwa sababu chini ya midundo yote hiyo alikuwapo mtunzi aliyejua kutunga wimbo wenye mwanzo, kiitikio na mwisho.

Mtunzi huyo ni Mick Jones, mmoja wa waanzilishi wa The Clash, kundi la panki (roki ya kasi na yenye ghasia) la London lililomfukuza mwaka 1983 kwa madai kwamba ameiacha njia ya awali ya kundi. Madai hayo hayaniingii akilini, kwa kuwa The Clash walichanganya tangu mwanzo: katika albamu yao ya 1977 waliupiga kwa namna yao wimbo wa rege wa Junior Murvin. Mwaka 1981, walipofanya maonyesho 17 katika ukumbi wa Bond's jijini New York, Grandmaster Flash, DJ wa hip hop, aliwatangulia jukwaani, na watu waliokuja kusikia magitaa wakamzomea. Jones hakuwa upande wa wazomeaji. Alivutwa na hip hop ya jiji hilo kuliko wenzake wote, na nadhani ndipo safari yake ya kuelekea kundi jipya, Big Audio Dynamite, ilipoanza.

Kundi hilo halikukusanywa kwa kutafuta wapigaji hodari tu. Don Letts, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika, alikuwa DJ wa klabu ya Roxy mwaka 1977, na kwa kuwa wakati huo santuri za panki zilikuwa bado chache, aliwapigia vijana wa panki rege na dabu (rege iliyopunguzwa uimbaji na kujazwa mwangwi) hadi wakaizoea. Baadaye akawa mtengenezaji wa filamu. Hakujua kupiga chombo chochote, kiasi kwamba vitufe vya kinanda chake vilibandikwa alama za rangi ili ajue pa kubonyeza. Leo Williams alishika besi, Greg Roberts ngoma, na Dan Donovan, ambaye pia alikuwa mpiga picha, kinanda.

Jambo ninaloliona kuwa kiini cha albamu ni jinsi sauti za filamu zinavyotumika. Wasanii wengi wakipata chombo cha kunasa na kurudia sauti huzitia popote penye nafasi, zikabaki mapambo. Hapa zinashika zamu kama wahusika. Katika wimbo unaofungua albamu, maneno ya filamu za kauboi yanaingia pale mwimbaji anaponyamaza, kana kwamba yanamjibu, kisha besi ya rege inapokea na kuendeleza mazungumzo. E=MC2 unakwenda mbali zaidi: mashairi yake yanahusu filamu za Nicolas Roeg, na sauti tunazozisikia zimetoka katika Performance, filamu ambayo Roeg aliiongoza pamoja na Donald Cammell. Kinachosemwa na kinachosikika ni kitu kimoja. Juu ya hayo Jones anaimba kwa sauti yake nyembamba na ya upole, bila kujilazimisha kufoka, na wimbo huo ukafika nafasi ya 11 Uingereza mwaka 1986.

Albamu ina nyimbo nane tu, na baadhi zingefaa kupunguzwa dakika moja au mbili. Mashine ya ngoma nayo inaitambulisha miaka ya themanini tangu pigo la kwanza. Hata hivyo, anayesema kwamba mashine ndiyo iliyoibeba albamu hii aisikilize Cut the Crap, ambayo The Clash waliosalia waliitoa mwezi huohuo wa Novemba 1985. Humo pia mna mashine ya ngoma, lakini imewekwa chini ya magitaa na kelele za vikundi vya waitikiaji bila kusikilizana navyo, na matokeo yake yanachosha. Zana zilikaribiana, kilichokosekana ni sikio la Jones la kutunga na la Letts la kupanga.

Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash aliyeshiriki kumfukuza Jones, naye aliifuata sauti ya kundi jipya la Jones: mwaka 1986 alikuwa studio pamoja naye, akitunga baadhi ya nyimbo na kusimamia kurekodiwa kwa albamu ya pili ya Big Audio Dynamite.