Hizo dawa za goti mwambie nesi leo, usisubiri siku ya kliniki

Mkuu, maswali yako nimeyaona. Unataka kujua kama nesi bingwa wa afya ya akili anaruhusiwa kuandika dawa au kazi yake ni kumbebea daktari mafaili, utakuwa unamwona kila baada ya muda gani, na kama unaweza kuendelea na mshauri nasaha wako wa zamani. Sawa. Ila katikati umechomeka kasentensi kadogo kama utani: umeanzishiwa lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia, goti linakusumbua, unameza diklofenaki za maumivu za kujinunulia, na nesi humwambii kwa sababu "yeye ni wa mambo ya kichwa, goti nitamwambia daktari nikimpata."

Piga simu kliniki sasa hivi. Mengine utasoma baadaye.

Lithiamu haivunjwivunjwi na ini kama dawa nyingine, inatolewa na figo karibu yote. Diklofenaki, ibuprofeni, naproxeni na ukoo wao wote hupunguza uwezo wa figo kuitoa. Wewe unaona unameza kidonge kile kile cha jana, kumbe kwenye damu inajazana. Na nafasi ya kuchezea haipo: wengi wetu kiwango cha lithiamu kwenye damu hulengwa kati ya 0.6 na 0.8 milimoli kwa lita, wengine hupandishwa hadi 1.0. Ukivuka 1.5 unaanza kuonja sumu. Ukifika 2.0 na kuendelea, hapo hutasimulia wewe, watakusimulia waliokubeba.

Mimi ulikuwa mgongo.

Aliyenipoteza ni mfanyakazi mwenzangu, mmoja wa wale ambao wana ndugu daktari, kwa hiyo na wao wamehitimu udaktari kwa kuambukizwa. Akaniambia, nakumbuka hadi sauti yake: "Nesi wa akili ukimpelekea habari za mgongo ataandika kwamba umeanza kulalamika hovyo, halafu wakuongezee dozi." Ukiwa na bipola, huu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, maneno kama hayo yanaingia moja kwa moja, maana ulishawahi kusema kweli ukaambiwa ni ugonjwa unaongea. Nikaona ana hekima. Akanitajia na kidonge cha kununua, bingwa huyo.

Muuza dawa naye hakuuliza chochote. Nilitaja ninachotaka, akahesabu, nikalipa. Hata "una ugonjwa mwingine?" hakusema. Nikimkumbuka natamani nirudi nimsomee kile kikaratasi kinachokaa ndani ya boksi, kwa sauti, mbele ya foleni.

Sasa nesi wangu, dada mmoja mtaratibu sana, kila kliniki aliniuliza: "Kuna dawa nyingine unatumia?" Nami kwa adabu zote: "Hapana, sista." Nilikuwa nashindana na nani, sijui. Mfuko wa shati ulikuwa na vidonge nilivyomeza asubuhi ile ile.

Ikaanza mikono. Lithiamu ina kamtetemo kake kadogo cha kawaida, nesi alishaniambia, kwa hiyo nikapuuza hata nilipoanza kumwaga chai nusu kikombe. Ukaja mtetemo wa kuonekana hata na mtu wa upande wa pili wa chumba. Likaja tumbo la kuhara, nikalaumu chakula. Hapo ndipo ubaya ulipozidi, maana ukihara na kutapika mwili unapoteza maji na chumvi, figo zinaibana lithiamu zaidi, nayo inapanda zaidi. Na mimi mtiifu naendelea kumeza zote mbili kwa saa zake. Utiifu wenyewe niliupata siku mbaya.

Baadaye ulimi ukawa mzito na miguu ikawa inapishana. Kazini wakahitimisha nimelewa. Mimi ambaye pombe niliiacha siku nilipoanza dawa! Bosi akanitoa ofisini kwa heshima ya kutisha, shemeji akaniwekea ndoo kando ya kitanda na kunihubiria ulevi mpaka usingizi ukanichukua. Yule daktari wa kuambukizwa alikuwepo pale kazini wakati natolewa. Alitikisa kichwa.

Aliyeniokoa ni nesi. Shemeji alimpigia kuomba dawa ya kulevuka, yeye akauliza maswali mawili matatu, akasema nipelekwe dharura muda ule ule na vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba vibebwe. Damu ikapimwa, lithiamu ikasimamishwa, nikatundikiwa dripu, kipimo kikarudiwa na kurudiwa. Nilisikia wanajadili kunisafisha damu kwa mashine; haikufika huko.

Unadhani hasara ni ile wodi? Wodi ilikuwa nafuu. Hasara ilikuja baada ya hapo, kwa sababu lithiamu ikikatwa ghafla ugonjwa hupata mlango wa kurudi, na wangu haukubisha hodi. Nilikuwa nimetulia kwa muda mrefu kuliko wakati wowote wa utu uzima wangu. Ukapotea ule utulivu, mkataba wa kazi ukaenda nao, na hadi leo figo zangu zinafuatiliwa kwa karibu kuliko za watu wa rika langu. Kwa mgongo! Mgongo ambao nesi alipokuja kuusikia alisema jambo la kawaida kabisa: tumia parasetamoli, haigombani na lithiamu, na nitakupeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Dakika chache tu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alibadilisha swali lake. Siku hizi anauliza, "Kichwa kikikuuma unanunua nini? Kiungo gani kinauma? Nani kakupa dawa yoyote, hata ya kupaka, hata ya mizizi?" Kumbe wengi tunaficha bila kujua tunaficha.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi: kila kinachoingia mwilini kinaenda mezani kwa nesi. Chukua mfuko, tia maboksi yote, dawa za presha (zipo zinazopandisha lithiamu vilevile, zikiwemo baadhi za kukojoza), dawa za mitishamba, krimu ya kuchua, vyote, umwage mbele yake. Umeamua kupunguza chumvi? Mwambie. Umeharisha? Mwambie kabla ya kidonge kinachofuata. Akikushangaa, shauri yake.

Na usije ukafanya kinyume chake, ukaitupa lithiamu kwa woga wa huu uzi. Muulize yeye. Ila ukiona unatapika, unapepesuka, mtetemo mkubwa au maneno yanakwama, husubiri simu ya mtu, unakwenda dharura.

Haya, kuandika dawa. Inategemea nchi. Marekani nesi wa ngazi hiyo ana shahada ya uzamili au zaidi, anapima, anatoa jina la ugonjwa na anaandika dawa. Kuna majimbo anafanya hivyo peke yake na mengine lazima awe na makubaliano na daktari. Uingereza wapo manesi waliosomea kuandika dawa na wanaandika. Kwingine anafuatilia, daktari anasaini. Kwa hiyo lile wazo lako la "nitamwambia daktari nikimpata" halina mantiki hata kidogo: mtu anayekuona mara nyingi, anayesoma majibu ya damu yako, ndiye huyo unayemficha.

Kuhusu kumwona mara ngapi, mwanzoni ni mara kwa mara, maana kiwango kinapimwa tena kama wiki moja baada ya kuanza au kubadilisha dozi hadi kitulie, halafu miezi inaanza kuachana, na figo na tezi ya shingo zinaangaliwa pia. Na hapa nikudokeze: damu inatolewa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Mimi niliwahi kumeza asubuhi njiani kwenda maabara, kiwango kikasoma juu, nikawatia watu wazima hofu bure. Ukikosea namna hiyo nalo litaje, usikae kimya ukidhani utapunguziwa alama.

La mshauri nasaha wapo humu wanaolijua kuliko mimi, watakuja. Mimi nataka unijibu hili tu: leo umeshameza diklofenaki ngapi, na mikono yako ikoje?