Swali la lugha: "Amehitimu kwa heshima, Darasa la 2025"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amemaliza sekondari hapa Texas akiwa ameongoza wenzake wote. Shule inamwita "valedictorian". Kwenye kadi ya sherehe tutakayomfanyia Tanga niliandika: "Amehitimu kwa heshima, wa kwanza katika Darasa la 2025." Kaka yangu alicheka mpaka simu ikakatika. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, dada, na hongera kwa binti. Kilichomchekesha kaka, nadhani, ni hilo Darasa la 2025. Kwetu darasa likifuatwa na namba ni la kwanza, la nne, la saba. La 2025 mtu atakaa shuleni mpaka ajukuu. Sema wahitimu wa mwaka 2025.

"Heshima" nayo ina mtego. Mtu wa Tanga akisoma "amehitimu kwa heshima" ataelewa kwamba mtoto hakuwa mtovu wa nidhamu. Tena shahada ya heshima tunaijua: ndiyo wanayovishwa wakubwa bila kufanya mtihani. Kilatini cha vyeti vya huko, cum laude, maana yake ni "kwa sifa", lakini mtaani mtu wa sifa ni mwenye majivuno. Mimi ningeandika "kwa ufaulu wa juu" nikapumzika.

Penye kazi hasa ni hapo kwenye "wa kwanza". Usijaribu "daraja la kwanza". Kidato cha nne Tanzania, daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na shule moja inaweza kutoa hamsini wa namna hiyo. Wa kwanza ni mmoja. "Wa kwanza darasani" nayo inampunja binti, maana msomaji atafikiria mkondo, kidato cha nne B, watoto arobaini na kitu. Huko Texas hupangwa wahitimu wote wa mwaka kwa pamoja, na si kwa kujifurahisha tu: sheria ya 1997 iliwapa waliomo katika asilimia 10 ya juu mlango wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo, ingawa kile cha Austin baadaye kilikaza kiwango chake. Nafasi inazaa nafasi, kama Kiswahili chenyewe kinavyoruhusu kusema. Kwa hiyo fuata ripoti zetu za shule, zinazoandika "nafasi ya 4 kati ya 162". Taja idadi.

"Valedictorian" limetokana na Kilatini cha kuaga, kwa kuwa aliyeongoza ndiye hutoa hotuba ya kuagana. Usimwite msoma risala. Risala ya mahafali yetu husomwa na mwenye sauti na asiyetetemeka mbele ya mgeni rasmi, awe wa kwanza au wa themanini, na nusu yake ni kuomba matundu ya vyoo na walimu wa hesabu. Neno moja la Kiswahili lililozoeleka kwa cheo hicho hatuna, na sioni haja ya kulifinyanga kwa ajili ya kadi. Lieleze.

Andika hivi: "Ameongoza wahitimu wote 412 wa mwaka 2025 na ndiye aliyetoa hotuba ya kuaga kwa niaba yao." Hiyo 412 nimeibuni, weka ya shule yenu. Halafu mpigie kaka umsomee.