Nyie mliofika London Septemba hii, fungueni bahasha

Septemba imefika na nyie mmefika. Mnapendeza. Mna makoti mapya, mna picha za Tower Bridge, na wiki ya pili tu mmeanza maswali yaleyale ya wenzenu wa mwaka jana. Sitaki kuwa mzee wa kufoka. Lakini juzi mdogo wetu mmoja kaja kwangu kula, nikaona bahasha tatu zimechomoza kwenye begi lake, hazijafunguliwa, ya juu ina nembo ya halmashauri. Namuuliza, ananijibu, "Aah, hizo ni matangazo tu, kaka." Chakula kikanishinda. Mambo ya CAS (ile hati ya chuo ya kuombea viza), viza ya kielektroniki na akaunti ya benki mshayapita, kwa hiyo siyagusi.

1. Kadi. Chagua kitu kimoja cha kulipia nauli kwa kugusa getini, simu au kadi ya benki, ushikamane nacho. Mfumo unaihesabu simu na kadi iliyosajiliwa ndani yake kama wasafiri wawili, hata kama pesa inatoka akaunti moja. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, unatozwa nauli ya juu mara mbili, na kikomo cha nauli ya siku, ambacho ukikifikia hukatwi zaidi, hukifikii ng'o. Treni unagusa kuingia na kutoka. Basi unagusa kuingia tu. Mabasi hayapokei pesa taslimu tangu 2014, msiwasumbue madereva. Ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Oyster ya wanafunzi, ile kadi ya usafiri, inapunguza asilimia 30 kwenye tiketi za wiki na za mwezi. Kama chuo unakwenda siku mbili kwa wiki, piga hesabu kwanza kabla ya kuilipia ada.

2. Ramani. Ile ramani ya Tube, yaani treni za chini ya ardhi, tangu Harry Beck aliponyoosha mistari yake mwaka 1933, haionyeshi umbali. Ukipanda treni Covent Garden kwenda Leicester Square, umelipa nauli kukwepa mwendo wa dakika tano kwa miguu. Na majina nayo yana mitego. Kuna dada yetu alikuwa na miadi ya kuona chumba Edgware Road, kanda ya 1, katikati ya mji. Akaingia Northern line, akalala, akaamkia mwisho wa reli: Edgware, kanda ya 5. Akatupigia simu kwa hasira kwamba mwenye nyumba ni tapeli, mtaa haupo. Chumba kikachukuliwa na mwingine. Leo yeye ndiye anayewapokea wageni Heathrow, na bado tunamwita Edgware. Halafu kwenye ngazi za umeme simama kulia, tafadhali.

3. Bahasha. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza tulipanga nyumba watu wanne, wote wanafunzi wa muda wote. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye mkataba, nikajiona baba mwenye nyumba. Barua zikaanza kudondoka mlangoni: za wapangaji waliohama, za pizza, nyingine zimeandikiwa "mkaazi" tu. Jikoni kulikuwa na droo tupu chini ya ile ya vijiko, nikawa nazisukumia humo. Nilizoea kwamba jambo zito mtu anakupigia simu. Sikujua kwamba mji huu wenye programu ya kila kitu, likija jambo zito kweli, unalileta kwa karatasi, kwenye bahasha yenye kidirisha, na ukinyamaza inahesabika umekubali. Droo ilipogoma kufunga, nikahamia droo ya pili.

Kilichokuwemo nilikuja kukijua baadaye. Kwanza bili ya kodi ya halmashauri, ile "council tax" inayodaiwa kwa kila nyumba. Kisha kumbusho la kulipa ndani ya siku 7. Kisha barua kwamba nimepoteza nafasi ya kulipa kwa mafungu, sasa inatakiwa ya mwaka mzima. Kisha samansi, na gharama za samansi juu yake. Mahakama ikakaa, sikutokea, amri ikatoka. Yote hayo yamelala chini ya vijiko, na mimi niko maktaba naandika insha kuhusu sera za kodi. Ndiyo, sera za kodi. Chekeni.

Asubuhi moja, saa moja haijagonga, mlango ukabishwa. Bwana mmoja mpole, kamera kifuani, akayatamka majina yangu yote matatu bila kukosea hata silabi, kitu ambacho msimamizi wangu chuoni hajawahi kukiweza. Dalali wa mahakama. Mimi nina taulo na mswaki. Akanisomea deni: kodi ya mwaka, gharama za mahakama, pauni 75 za faili kufika ofisini kwao, na pauni 235 za yeye kuja mlangoni. Kwa deni la aina ile sikulazimika kumfungulia. Sikujua. Nilimkaribisha ndani, nikamchemshia na chai. Akainywa, akaanza kuorodhesha vitu vya sebuleni: televisheni, ambayo ni ya mwenzangu, baiskeli, ambayo ni ya mwenzangu mwingine. Milango ya vyumba, iliyokuwa kimya muda wote, ikafunguka yote kwa mpigo.

Sasa sehemu inayouma. Hatukuwa tunadaiwa. Nyumba ambayo wakaazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote haitozwi kodi hiyo hata peni moja. Ila halmashauri haioti. Lazima mtu apeleke cheti cha uanafunzi, na chuo chetu kilikitoa bure, unakichapisha mwenyewe kutoka kwenye tovuti. Nilipokipeleka, msamaha ulirudishwa nyuma hadi siku tuliyohamia, na kodi ikawa sifuri. Gharama za mahakama zikabaki, kwa sababu waliniita nikanyamaza. Ada za dalali niliziandikia barua za kubembeleza mpaka zikapunguzwa. Nililipa kidogo kidogo hadi kiangazi, peke yangu, maana wenzangu walisema, na walikuwa na haki, kwamba droo ilikuwa yangu. Nyumbani nilisema vitabu vimepanda bei. Mama akatuma pesa za vitabu. Hilo sijamwambia mpaka leo.

Kwa hiyo fungua bahasha siku ileile. Na mwenzenu mmoja akimaliza chuo akaanza kazi, nyumba si ya wanafunzi watupu tena: bili inarudi, na punguzo la robo kama ni huyo mmoja tu. Zile bahasha tatu za mgeni wangu tulizifungua mezani. Mbili zilikuwa matangazo kweli.

4. Daktari. Jisajili kwa GP, daktari wa mtaani kwako, wiki hii, ukiwa mzima. Ada ya afya umeshailipa pamoja na viza, usiiache. Mpokeaji akidai hatakusajili bila uthibitisho wa anwani, mwambie kwa upole kwamba kanuni za NHS, huduma ya afya ya taifa, hazimtaki adai hivyo. 999 ni ya dharura. Kwa homa iliyogoma usiku piga 111.

5. Kubeba boksi. Saa 20 za kazi kwa wiki ambazo viza inakuruhusu ni jumla ya kazi zako zote, na wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna "wiki hii 26, ijayo 14". Na kuna wajanja watakaokukodishia akaunti yao upeleke chakula kwa baiskeli. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri hata kwa akaunti yako mwenyewe, sembuse ya mtu. Mwenye akaunti amelala, anakula asilimia yake; wewe uko mvuani na viza yako mfukoni. Kaka mmoja alinijibu kwamba "kila mtu anafanya". Alikuwa mpishi hodari, tulimpikia pilau la kumuaga.

6. Amana. Isizidi pango la wiki 5, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka kwenye mpango uliosajiliwa ndani ya siku 30 na kukuandikia iko wapi. Piga picha kila doa siku ya kuingia, hadi nyuma ya friji.

7. Giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtadhani mnaumwa. Tokeni nje mchana, hata kwa kununua mkate tu. Kumeza vitamini D si ushamba: NHS inaishauri kwa kila mtu majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi inatuambia tuifikirie mwaka mzima. Koti nunueni moja, zito, lisilopitisha maji. Hayo ya kupigia picha Tower Bridge yarudisheni dukani kama risiti bado mnazo.