Je, Mahamri Yanatosha kwa Hanuka?

SWALI: Shalom, Rabi. Mimi ni mama wa nyumbani Nairobi, lakini nililelewa Mombasa. Kila Hanuka, sikukuu yetu ya taa, watoto wananidai sufganiyot (maandazi ya kukaanga) zenye jemu kama wanazoziona kwenye picha za Israeli, nami mkono wangu umezoea mahamri ya tui la nazi na iliki. Je, nikiwakaangia hayo nitakuwa nimepunguza desturi? Na tuyasomee baraka ipi, ya mkate au ya vitafunio?

JIBU: Shalom, mama, na Hanuka njema. Mahamri yako hayapungukiwi na kitu. Tuliloamriwa na wanazuoni wetu wa kale ni kuwasha taa. Sufganiyot ni desturi tu, na kiini cha desturi hiyo ni mafuta, wala si jemu. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya wanazuoni hao, katika Masekhet (kitabu cha) Shabat, inasimulia kwamba Wahashmonai, ukoo wa makuhani waliolikomboa Hekalu la Yerusalemu, walipoingia humo walikuta kichupa kimoja cha mafuta chenye muhuri wa Kuhani Mkuu, ya kutosha siku 1, nayo yakawaka siku 8. Kwa sababu ya muujiza huo Rabi Maimon, baba yake Rambam (mwanazuoni Maimonides), katika karne ya 12, alionya kwamba desturi ya kukaanga maandazi ya sikukuu hii isidharauliwe, kwa kuwa tumeirithi kwa watu wa kale. Aliyoyataja yeye ni sfenji, ambayo Wayahudi wa Moroko huyatengeneza hadi leo kwa unga, maji, chachu na chumvi, wakayatoboa kwa kidole na kuyatumbukiza katika mafuta. Jemu tumeletewa na ndugu zetu wa Ulaya. Ila usiyaoke kwenye oveni ukadhani ni yale yale.

Suala la baraka ni zito zaidi. Mishna, sheria za kale ambazo Talmud inazifafanua, katika Masekhet Hala, inayahesabu sufganin, aina ya maandazi, miongoni mwa vyakula visivyotolewa hala (kipande kinachotengwa kutoka donge la mkate), lakini Rabenu Tam, mwanazuoni wa Ufaransa wa karne ya 12, alishikilia kwamba donge likikandwa likawa zito limekwisha kuwa mkate, hata kama baadaye litakaangwa. Donge la mahamri, unalolikanda hadi liache kunata mikononi kisha ukalisukuma na kulikata pembetatu, ndilo hasa alilokuwa akilizungumzia. Wengine walimpinga, wakisema kinachoamua ni mwisho wake, yaani karai. Tunavyofanya sisi ni kufuata hao wa pili: someni Borei minei mezonot (baraka ya vitafunio) kabla ya kula na Al hamihya (shukrani yake) baadaye. Hata hivyo Shulhan Arukh, kitabu cha sheria zetu, inamshauri mcha Mungu ajitoe katika shaka kwa kuyala ndani ya mlo ulioanzwa kwa baraka ya mkate wenyewe, na ningependa mfanye hivyo hasa mnapoyala kwa mbaazi hadi kushiba, maana hapo mahamri (wewe wa Mombasa unajua) ndiyo mlo wenyewe.

Kwa shaka hiyo hiyo, ukikanda unga wa kilo 1.2 au zaidi, mega kipande kidogo cha hala na ukichome, bila kusoma baraka. Sisi hatuchanganyi nyama na maziwa, lakini tui la nazi si maziwa wala si nyama, kwa hiyo mahamri hayo yanaweza kuliwa hata na mchuzi wa kuku, mradi hukuyapaka siagi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia kuku, nayo, usiyatumie kwa mahamri utakayoyajaza krimu.

Ile desturi ya wanawake kupumzika taa zinapowaka, angalau nusu saa, inahusu kazi kama kufua na kushona, kwa hiyo haikukatazi kukaanga. Siku ya Ijumaa tu ndipo mambo hubadilika: taa za Hanuka hutangulia mishumaa ya Shabati, na zote huwashwa kabla jua halijatua, maana Shabati ikiingia hatupiki, kwa hiyo hakikisha andazi la mwisho limetoka na karai limeepuliwa kabla ya hapo.