Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Mwalimu Aliyetufundisha Kuimba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Khayega. Huku tu wazima, mvua imeshika na mahindi yanapendeza. Baba yako anakusalimu.

Juzi tulipotoka kumzika Mwalimu uliniuliza kwa simu swali ambalo sikutaka kulijibu mbiombio. Mtu aliyejua gitaa na kinanda vile, na shiriri, ile zeze ya wazee ya uzi mmoja, juu yake, mbona alikaa shule ya msingi mpaka akastaafu, asirekodi hata wimbo mmoja? Ukasema unamwonea huruma. Nimekaa nalo, nikaona nikuandikie, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Ualimu haukumtoa kwenye muziki hata siku moja. Jumamosi ulimkuta harusini au matangani na gitaa lake, Jumapili yuko kwenye kinanda cha kanisa, Jumatatu amesimama mbele yetu na chaki mkononi. Kwake yote hayo yalikuwa kazi moja. Nafasi ya kwenda Nairobi kupiga na bendi aliipata akiwa kijana, akaikataa, na mimi nilimsikia akilisimulia jambo hilo bila uchungu wowote.

Ngoja nikueleze alivyofundisha. Vitabu vya nyimbo hatukuwa navyo. Aliandika solfa ubaoni, yaani sauti za do, re, mi kwa herufi d, r, m, na nukta mbili katikati, kisha akatugeukia na kuinua mkono. Ngumi ilikuwa do. Kiganja kilicholala kilikuwa mi. Dole gumba likielekea chini ni fa, kidole cha shahada kikielekea juu ni ti. Tuliufuata ule mkono kwa sauti, bila neno hata moja. Alikuwa na kichuma chenye miguu miwili alichokigonga gotini, akakisogeza sikioni, akatupa do yake kwa sauti ya chini, nasi tukaipokea. Sisi wa sauti ya pili alitupanga tuwape mgongo wale wa sauti ya kwanza, wasije wakatuvuta. Tukishaishika barabara ndipo anatugeuza tuangaliane. Hapo ndipo nilipojua kusimama na sauti yangu huku namsikia mwenzangu, na mpaka leo sijaona mtu mwingine akiwafundisha watoto jambo hilo kwa uvumilivu kama ule.

Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza 1927, lilikuwa sikukuu yetu. Kuna walimu waliotoa jasho kwenye wimbo wa kizungu waliopangiwa, wa kienyeji wakauacha ujiendee wenyewe. Yeye hakukubali. Aliwaita wazee kutoka pande za Shinyalu waje na ngoma zao tatu za isukuti, baba, mama na mtoto, pamoja na pembe na njuga. Tukakaa chini kuwasikiliza kwanza. Alitushikisha ngozi ya kenge iliyowambwa kwenye ngoma, tuone inavyokazwa. Yule mtoto wa ngoma ndiye aliyemtia wasiwasi, kwa sababu vijana waliomjua kumpiga sawasawa walikuwa wanapungua. Mwaka 2014 UNESCO ilipoiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, nilikumbuka kwamba Mwalimu alikuwa amelisema hilo miaka mingi kabla.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985, muziki ukatahiniwa darasa la nane, naye akafurahi kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yakapunguzwa, muziki ukaachwa nje, na shule nyingi zikavigeuza vipindi vyake kuwa vya hisabati. Yeye akaendelea jioni, chini ya mti, bila malipo. Hili bado linaniuma. Somo lililompa mtoto sikio na nidhamu lilisukumwa hadi saa za kwenda nyumbani.

Unasema hakuacha jina. Wimbo wa taifa unauimba tangu chekechea. Waliokabidhiwa kuuandaa 1963 walikuwa watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Thomas Kalume na Washington Omondi. Sauti yake waliitoa kwenye wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Miongoni mwao wamo waliofundisha muziki miaka na miaka, na ni Wakenya wangapi wanaoweza kuwataja? Wimbo lakini unaimbwa kila bendera inapopandishwa. Mwalimu wangu hakufika huko, ila kwaya nne za kanisa hapa jirani zinaongozwa na watu aliowafundisha yeye, na wawili kati yao sasa wanafundisha watoto wao ule mkono.

Kuhusu kurekodi, hapo una haki ya kuuliza. Mjane wake ana sanduku la madaftari yake: nyimbo za harusi, za tohara, za kubembeleza watoto, zote kwa solfa, pembeni ameandika nani alimwimbia na kijiji gani. Nimezungumza naye. Amekubali zipigwe picha zote, mradi madaftari yasitoke nyumbani. Baadhi ya walioziimba bado wako hai, lakini ni wazee sana.

Basi ukija Desemba njoo na vile vinasa sauti vya kazini kwako, na ukae angalau wiki mbili. Kusoma solfa nitakusaidia mimi. Nijulishe tarehe mapema, nikaongee na wale bibi wawili wa Shinyalu.

Mimi mama yako.