Moshi wa meli hauishii baharini

Ndugu yangu, umeuliza kama moshi wa meli za bandari ya Kilindini, Mombasa, unapotelea baharini au unatufikia huku Likoni. Unatufikia, hasa upepo ukivuma kutoka upande wa meli. Nikianika kanzu nyeupe, kwanza napangusa kamba. Kitambaa hutoka na masizi meusi. (Malori nayo yamo, tusizisingizie meli peke yake.)

Ila hayo meusi ndiyo unayoyaona tu. Mafuta mazito ya meli yana salfa. Ikiungua hutoa gesi isiyoonekana, ambayo hewani hugeuka chembe ndogo mno za salfeti, zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Kule bahari kuu matone ya mawingu hujijenga juu ya chembe hizo, hata setilaiti huona mistari myeupe nyuma ya meli.

Tangu Januari 1, 2020, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, imeshusha kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kuosha moshi. Mistari ile imepungua sana. Ajabu yake, mawingu yale yalikuwa yakirudisha mwanga wa jua angani, kwa hiyo kusafisha hewa kumefichua joto kidogo ambalo mawingu hayo yalikuwa yakilizuia. Masizi ya kwenye kamba yangu, hayo kikomo hicho hakikuyalenga.